Fakhriya aliyefungua webmeli isiyo yake

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumatano. Mlango wa ofisi ya sanad, inayowafanyia watu kazi za serikali mtandaoni, mjini Ibra, Oman, unafunguliwa, na Fakhriya Marhoun hainui kichwa. Anamjazia mteja fomu ya leseni, vidole vinakwenda mbio, lakini sikio liko mlangoni. Bakora inayogonga sakafu ile anaijua.

"Sabah al-kheir, wanangu," anasema Bi Thuraya, bibi wa miaka sabini na tisa. Anampita Fakhriya, anakwenda kuketi mbele ya Wasan, karani mwenzake.

"Umeona?" Fakhriya ananinong'oneza mimi, mwandishi wa gazeti niliyeketi kando yake. "Kila Jumatano nachomwa hivi hivi. Naona wivu, wallahi, sitaki kukuficha."

Fakhriya ana miaka hamsini na moja. Kwa mshahara wa riali 390 kwa mwezi huwafanyia watu kazi za viza, leseni na bili. Lakini kilichompa jina hapa Ibra ni webmeli. Hiyo ni barua pepe inayofunguliwa kwenye ukurasa wa mtandao. Haikai ndani ya kompyuta yake wala kwenye simu ya mteja, na mwenye neno la siri huifungua popote.

"Mimi huwaambia ni sanduku la posta," anaeleza. "Neno la siri ndio ufunguo. Basi wazee wakija hawasemi barua pepe, wanasema, 'Fakhriya, nifungulie webmeli.'"

Kwa miaka tisa, Bi Thuraya alikuja kila Jumatano kabla ya kwenda soko la wanawake. Macho yake hayasomi tena. Kaka yake, Mzee Hood, yuko Unguja peke yake, na masikio yake yamekufa. Simu anaiona ikiwaka tu. Kwa hivyo huandika, kwa Kiswahili cha kwao, na hajawahi kukosa wiki hata moja. Fakhriya alisoma kwa sauti, akaandika majibu. Kila barua ilimalizika kwa mstari mmoja: "Salamu kwa Fakhriya, macho yako."

"Mstari ule ulikuwa wangu," anasema. "Mume wangu mwenyewe hajapata kuniambia neno zuri kama lile."

Mwaka huu Fakhriya alikwenda Nizwa mwezi mzima, binti yake alipojifungua. Aliporudi, alimkuta Bi Thuraya kwa Wasan, msichana wa miaka ishirini na nne aliyezaliwa hapahapa Ibra, ambaye Kiswahili chake nusu ni Kiarabu.

"Roho iliniuma, jamani! Kitoto kile hata hakijui vitumbua!"

Jumatatu moja, akiwa peke yake ofisini, aliandika neno la siri la Bi Thuraya, ambalo alilijua kwa moyo. Alitaka kuona mstari wa mwisho tu. Ulisema: "Salamu kwa Wasan, macho yako mapya."

Akafunga ukurasa kwa hasira. Alichosahau ni kitu anachowafundisha watu kila siku: barua mpya huonekana kwa maandishi mazito, na ikishafunguliwa maandishi huwa mepesi.

"Ningeweza kuirudisha iwe kama haijasomwa, ni kubofya mara moja. Wivu ulinipofua."

Jumatano Wasan akatafuta maandishi mazito, hakuyaona. "Mafi, bibi. Hamna mpya."

Bi Thuraya alichukua bakora yake, akaondoka. Hakwenda soko siku ile. Fakhriya alibaki kimya kwenye kiti chake, na hilo ndilo analojuta zaidi. Alikwenda kwake kesho yake mchana, akamkuta juu ya mswala, macho yamevimba.

"Alikiri, nikamwambia, 'Usiku kucha nimemlilia ndugu yangu, kumbe mzima!'" anasimulia Bi Thuraya. Neno la siri likabadilishwa siku ileile. Mbona hajarudi kwa Fakhriya, ambaye keshamuomba radhi mara nne?

"Simchukii. Lakini Fakhriya alikuwa akinijibia kabla sijamaliza kufikiri. Wasan ananisubiri."

Nilipomfikishia maneno hayo, Fakhriya aliinamia kibodi yake. "Kweli," alisema. "Nilikuwa nikifanya hivyo."

Kule pembeni Wasan anasoma barua ya leo, polepole, akikwama kila neno refu. Bi Thuraya anacheka. Mzee Hood kapanda mchicha, kuku wa jirani wameula wote. Halafu mstari wa mwisho: "Salamu kwa Wasan."

Vidole vya Fakhriya vinasimama.

Namuuliza kama anataka nimbadilishie jina gazetini.

"Hasha! Andika jina langu kamili. Mzee Hood hapitwi na gazeti. Mwambie nimekosa, na namuomba mstari mmoja tu." Anamtazama Wasan. "Akiuandika, nitakaa hapa nisubiri binti yule aje kunisomea."