Mchezaji Wangu wa Kufuga

Ligi yetu ya mpira wa kikapu iko kwenye simu tu. Ni marafiki wa hapa Musoma, kila mmoja na timu ya kubuni yenye wachezaji wa kweli wa Marekani. Wakifunga huko, sisi tunapata pointi huku. Wachezaji wapya tunawagawana kila msimu, na aliyeshika mkia ndiye anachagua kwanza. Ukishamchukua, ni wako misimu mitatu, kisha anarudi kugombaniwa upya. Kanuni hiyo tuliibishania mpaka watu wakanuniana.

Mama alikuja kwangu Nyasho kutoka Bunda akanikuta nafoka kwenye simu. Akataka kujua kuna nini. Nikamweleza harakaharaka, bado nimekasirika.

"Kwa hiyo maziwa mnakunywa ninyi," akasema, "ila ng'ombe ana mwenyewe."

Nilicheka. Kwetu mwenye ng'ombe wengi humpa jirani ng'ombe mmoja wa kumfugia. Jirani anakamua, ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuuelezea mkataba wetu vizuri hivyo.

Baadaye mchezaji mpya niliyemchukua msimu huo akaumia goti. Nikampigia mama kulalamika: pointi hakuna, na mkataba bado mbichi.

"Ng'ombe wa watu akiumia tunaendaga kwa mwenyewe siku hiyohiyo," alisema. "Wewe pole umempa nani?"

Urefu wa yule mchezaji naujua, uzito wake naujua, goti lililoumia nalijua. Kama ana mama, sijui.