Doa la Mtaani Kwetu

Mtafiti wa matetemeko ninayemsafishia ofisi ni binti mwenye vidole vyembamba, na kabla ya kugusa kompyuta huvipuliza kama anayepoza chai. Kila mtikisiko huuchorea doa kwenye ramani: jekundu ukitokea karibu na uso wa ardhi, buluu ukitokea chini sana ardhini. Mashemeji zangu walinifukuza, eti nyumba ilipasuka kwa nuksi yangu. Yeye aliniuliza tu, "Mama, vyombo viligongana kabatini saa ngapi?" Akaifuata polepole mistari iliyochorwa na mitambo ya kupimia mitikisiko, akalipata tetemeko lenyewe, akalichora. Mkubwa wake akaguna: "Binti, hako kadoa kanachafua ramani. Kafute." Hakupandisha hata sauti. "Ichafuke tu, mzee. Ardhi ilitikisika, na mama huyu kafukuzwa kwake." Akanichapia nakala. Nimeibandika mlangoni kwa mashemeji, kwa gundi ya fundi viatu.