Nyumba za Desemba

Odilia hakuwa mtu wa kunyamaza, na mwaka ule wa ukame, tisini na saba, alikuwa na sababu zote za kupiga kelele. Rombo mvua zilikuwa zimekataa, kahawa haina bei, na malori ya mahindi yanapita kwenda Tarakea kuvuka mpaka wa Kenya, huku watu wa kando ya barabara wakiyasindikiza kwa macho. Soko huria, waliambiwa.

"Huria kwa lori," alisema Odilia, "siyo kwa tumbo langu!"

Yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo ya chakula ya kigango, chumba kimoja nyuma ya kanisa. Wakati wa mavuno kila jumuiya ilipeleka humo mahindi na maharage, ili njaa ikija wenye shida wapewe. Lakini miaka ya nyuma wenye maduka ndio waliokuwa wa kwanza kwenye foleni, bila haya wala soni. Odilia akachachamaa kwenye kikao, na kamati ikapitisha neno lake: mwenye nyumba ya tofali na madirisha ya vioo haandikwi. Basili, mwenyekiti, aliipenda mno sheria ile. Ilimpunguzia kazi ya kufikiri.

Jumatatu moja Odilia alipita kwa jirani yake Mektrida kuazima jembe. Kihambani kwa Mektrida, katikati ya migomba yake, kuna nyumba ya vyumba vinne. Mwanawe Ronald, mfanyabiashara wa Dar, alimjengea mama yake. Tuseme ukweli, alijijengea. Huifungua Desemba, akala Krismasi, Januari akafunga na kuondoka na funguo. Mama mtu analala kwenye kibanda cha jikoni, nyuma, pamoja na mbuzi wake. Siku hiyo alikuwa anachemsha ndizi changa, nyembamba kama vidole vya mtoto. Hakuna mwanamke wa Kichagga anayekata mkungu kabla ya siku zake kama ana kingine cha kupika.

"Mama Ronald! Kwa nini hukuja stoo?"

"Nije niseme nini? Watu waseme Ronald ameshindwa kumlisha mama yake? Halafu sheria yenu inasema mimi nina nyumba."

Damu ilimpanda Odilia kichwani. Alimkasirikia Ronald, akaikasirikia kamati, na zaidi ya wote akajikasirikia mwenyewe, maana mdomo uliotunga sheria ile ni wake. Jembe alilisahau. Akashuka moja kwa moja mpaka dukani kwa Basili, barabarani.

"Chukua daftari lako twende tukakague. Nyumba zote za Desemba! Mektrida umwandike sasa hivi, atake asitake."

"Lakini Odilia, sheria..."

"Sheria nilitunga mimi, tena kwa ujinga wangu! Inuka!"

Hawakubisha mlango wowote wa mbele; Odilia aliwapitisha nyuma. Kwenye nyumba ya kwanza walimkuta mzee amejilaza juu ya gunia, hajatia kitu kinywani tangu jana yake. Basili aliandika jina la mzee, na kando yake la mtoto aliyejenga nyumba ile. Walipofika kwenye nyumba ya pili, yenye paa la buluu, akasimama getini.

"Hapa hakuna haja. Hapa ni kwangu."

"Kwani wewe si wa kigango hiki?" Odilia alikuwa ameshazunguka nyuma.

Mama yake Basili, bibi Apolonia, alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mafiga yaliyopoa. Mwanawe aliishi na mkewe kulekule dukani, na huku juu hakuwa amekanyaga tangu Pasaka.

"Shikamoo, mama," alisema Odilia.

"Marahaba, mwanangu." Bibi alimtazama Basili, akalitazama daftari. "Mnaandika watu wa chakula?"

"Ndiyo, mama."

"Basi niandikeni na mimi. Nyumba hiyo isiwatishe, hata ufunguo wake sina."

Odilia alimchomoa Basili kalamu mfukoni mwa shati, akamtia mkononi.

"Andika," alisema. "Na pale penye jina la mtoto wake, usiruke."

Basili aliinamia daftari, na Odilia akasimama palepale, mikono kiunoni, mpaka alipomaliza.