Kumi na Mbili, Si Kumi na Nane

Leo mashine ilizimika ikiwa na kazi yangu ndani.

Ulikuwa mtihani wa kupata kazi ya kufundisha programu za kompyuta, hapa Likasi. Ingénieur, kijana aliyenipima, akaandika ubaoni: kunja(-, [20, 5, 3]).

"Papa, italeta ngapi?"

Fonction hiyo, kunja, inapewa alama ya kutoa yenyewe, kama fundi anavyopewa nyundo. Inaitumia kwa namba mbili za kwanza, kisha kwa jibu na namba inayofuata, kuanzia kushoto.

"Miye nasema kumi na mbili."

"Ah non, Papa! Kumi na nane. Ulisomea wapi?"

(Kumi na nane ni ukianzia kulia.)

Nilisomea Shituru, hapa hapa Likasi, miaka ya tisini, kazi za kiwanda zimesimama. Kitabu nilikuwa nacho, kompyuta hapana. Kila programu niliitembeza kwa kalamu, mu daftari. Shule ilifungwa kabla ya kutupatia diplôme.

"Tuulize mashine," akasema, akabonyeza.

Courant ikakatika.

Tulikaa saa nzima, yeye akijipepea kwa karatasi yangu ya mtihani.

Umeme ukarudi, akabonyeza tena. 12.

Akaitazama sana.

"Bon. Kazi ni yako, Papa. Kesho ulete diplôme."

Nitapeleka daftari lile la Shituru. Ninyi mungepeleka nini?