Begi la Asiyekosa Shule

Juzi, shuleni Hombolo, mtoto mdogo wa dada yangu Sechelela alipewa begi kwa kutokosa shule muhula mzima. Watu walipiga vigelegele. Mimi mikono ilikataa kupiga makofi, maana utotoni nilipewa begi kama lile.

Mchana wa siku niliyopewa, nilikimbia nalo hadi shambani. Uwele ulikuwa unakomaa, na Sechelela alikuwa juu ya dungu akifukuza ndege, sauti imemkauka. Akashuka, akalinusa begi.

"Linanukia duka," alisema. "Hebu nilivae kidogo."

Alilivaa, akatembea kama anakwenda shule, huku anacheka. Nilidhani anacheza. Siku zote nilidhani hapendi shule. Kundi la ndege likashuka, akanitupia begi na kukimbia akipiga kelele. Sikujua kwamba mmoja wetu alilazimika kukosa shule ili mwingine asikose.

Baada ya sherehe ya juzi nilipitia shambani. Binti mkubwa wa Sechelela alikuwa juu ya dungu.

"Shikamoo, mama mdogo. Mdogo wangu wamempa begi?"

"Marahaba. Wamempa."

"Mwambie aje nalo," alisema, sauti imemkauka. "Nilivae kidogo."