Bi Asma na Dua ya Mkurugenzi

Bi Asma wa Mgogoni haogopi ng'ombe, haogopi mkwe, haogopi hata mikarafuu mirefu inayowatoa wanaume jasho. Alichokuwa akikiogopa ni serikali tu. Ng'ombe akikukusudia, angalau unamwona anakuja.

Asubuhi moja vijana wenye vizibao vya kung'aa walipigilia kigingi chekundu katikati ya ukumbi wa nyumba yake mpya. Kuta zilikuwa zimesimama, bati zimeshanunuliwa.

"Nyiye wanangu, cha nini hichi?"

"Hatujui, Bi. Sie twapigilia tu."

Sheha, mkuu wa kijiji, naye akasema hana idhini ya kusema. Bi Asma akafunga safari hadi mjini Chake Chake, kwenye idara yenye jina refu kuliko barabara ya kwao. Karani akamkodolea macho kama kwamba ameomba kuazimwa bunduki.

"Hiyo siri ya serikali, bibi."

"Siri gani, mwanangu? Iko ukumbini mwangu, naifagia kila siku!"

Bati zikabaki zimeegemezwa ukutani miezi kadhaa. Aezeke vipi nyumba asiyojua kama itaachwa hai?

Ndipo ikaja kamati ya Baraza la Wawakilishi, ikakaa kwenye ukumbi wa skuli. Bi Asma akajibanza mbele. Mwenyekiti, Mheshimiwa Kauthar, mwanamke mdogo wa umbo, akamsimamisha Mkurugenzi Hafidh wa idara ile ile, mtu mzima mwenye tumbo la heshima, akamuuliza kama mwalimu amuulizavyo mtoro. Bi Asma akashika kifua. Yallah! Kumbe na serikali huulizwa! Na ikiulizwa hutoka jasho, sawasawa na watu!

"Mradi huu ni wa nini, Mkurugenzi?"

"Mheshimiwa, suala lipo kwenye mchakato."

"Vigingi viko kwenye nyumba za watu."

"Navyo vipo kwenye mchakato."

Akakwepa hivyo mpaka adhuhuri ikakaribia. Ikabaki dua ya kufungia. Hapo ndipo Mkurugenzi alipojisahau. Mzee Mjaka, msomaji dua wa Mgogoni, hainui mikono mpaka mwenye shughuli ataje nia. Harusi, hitma, hata kuteremsha ngalawa mpya: nia kwanza.

"Mkurugenzi, mwenye shughuli ni wewe. Tuombe kwa nia gani?"

Mkurugenzi alikuwa ameshafumba macho na kuinua viganja. Siri za serikali alizizoea, lakini kumficha Mola na mikono iko juu, hilo hakufundishwa kwenye semina yoyote.

"Tuombe bomba kuu la maji lipite Mgogoni salama," akasema kwa unyenyekevu, "na wale wenye nyumba tatu zitakazobomolewa, Mungu awape subira."

"Amin!" ukumbi mzima ukaitika. Na Bi Asma akaitika, kwa sauti, kabla maneno hayajamfika moyoni.

Mkurugenzi akafumbua jicho moja.

"Usishushe mikono," Mheshimiwa Kauthar akamwambia taratibu. "Nyumba za nani?"

Akazitaja, mikono juu. Ya tatu ilikuwa ya Bi Asma.

Uchungu ulimchoma, lakini mshangao uliuzidi. Miezi yote ile alikuwa akiligonga jabali; leo limepasuka mbele ya macho yake, na ndani kuna mtu mnene anayetetemeka. Akasimama.

"Mzee Mjaka, ile Amin yangu naitaka."

"Yakhe, Amin hairudishwi!"

"Miye nairudisha. Nimeitikia kubomolewa nyumba yangu mwenyewe!"

Watu wakacheka, wengine huku wakijifuta macho. Mheshimiwa Kauthar hakucheka. Akaagiza hapo hapo: ramani ibandikwe kwa sheha, na kazi isianze mpaka kila mwenye nyumba aonyeshwe pa kuhamia na kulipwa haki yake.

Bi Asma akamtazama mwanamke yule mdogo. Kisha akaketi, akajitanda vizuri kanga yake.

"Haya, Mzee Mjaka. Omba upya. Na safari hii nia naitaja miye."