Siku Nilipoikata Lumbesa ya Fundi

Uenyekiti wa wapakiaji wa viazi pale Isongole niliupata kwa kumng'oa mtu meno mawili. Mwenyekiti aliyekuwepo kabla yangu alikuwa akiwapangia jamaa zake magari yaliyoegeshwa pakavu, sisi wengine anatuachia yaliyozama kwenye matope. Nilimwambia mara ya kwanza, nikamwambia mara ya pili, ya tatu sikumwambia. Kesho yake watu wakaanza kuniita mwenyekiti, na hakuna aliyepiga kura. Nikaamini kwamba hivyo ndivyo watu wanavyoongozwa. Mtu akichelewa, kofi. Mtu akiangusha gunia kwa sababu ya pombe, mateke. Walinisema nikiwa sipo, wakanitii nikiwepo, na mimi hiyo niliiita heshima.

Kikundi chetu kilikuwa na watu wa aina mbili. Kulikuwa na wabebaji, wanaopandisha magunia kwenye fuso kwa ubao mwembamba unaoteleza kwa ukungu, na kulikuwa na washonaji. Asiyeijua lumbesa nimweleze. Gunia likishajaa mpaka mdomoni, mshonaji huliongezea kichwa: anapanga viazi kimoja kimoja juu yake, anavizungushia wavu na kamba ya katani, anavikaza kwa shazia, ile sindano ndefu ya magunia, mpaka gunia moja linakuwa na uzito wa gunia moja na nusu, na mkulima analipwa gunia moja. Mnunuzi anachekelea, mkulima anaumia, mbebaji anakwisha mgongo. Ni wizi, na sote tulijua ni wizi. Lakini kushona kichwa kisichobomoka mpaka Dar es Salaam ni ufundi, na aliyetushinda wote kwa ufundi huo alikuwa mzee mmoja Mnyakyusa wa kule Igogwe. Sisi tulimwita Fundi tu.

Siku yangu ya kwanza pale nililiweka gunia begani nikaanguka nalo chali. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Fundi aliacha kushona, akaja akanishika shingo, akanionyesha pale mgongo unapoanzia.

"Weka hapa, gwe. Bega ni la kubebea mtoto."

Gwe kwa Kinyakyusa ni wewe. Akanigawia viazi vyake vya kuchemsha siku ile, na siku nyingi baadaye. Nilimpenda yule mzee. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani kwamba niliyomfanyia nilimfanyia kwa chuki.

Sasa, mwaka fulani si zamani sana, niliitwa ofisi ya kata. Afisa aliyetoka halmashauri alikuwa mama mpole, akanipa kiti na chai kabla hajasema neno. Kisha akasema lumbesa basi. Baada ya siku kumi, siku ya gulio, kila gunia litapimwa kwenye mzani, na lenye kichwa halitatoka Isongole.

"Na washonaji wangu wale nini?" nilimuuliza, na sauti yangu haikuwa ya kuongea na mama wa watu.

Hakukasirika. Alinieleza taratibu. Gunia lisilo na kichwa nalo linashonwa mdomo, kwa hiyo mshonaji habaki bila kazi. Mzigo uleule sasa utataka magunia mengi zaidi, nasi tunalipwa kwa gunia, kwa hiyo hakuna atakayepungukiwa. Na migongo itapona. Tena alitaka mtu mmoja wa kusoma mzani, mtu ambaye mkulima na mnunuzi wote watamwamini. Sikufikiri hata kidogo. Nikamtaja Fundi, akaandika jina lake kwenye daftari.

"Kaa na wenzako uwaeleze mapema, mwenyekiti," alisema nikiwa mlangoni. "Wasije wakasikia kwa watu."

Nikasema sawa. Sikukaa nao.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sikuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linalonitia uchungu. Kwanza niliona kueleza ni udhaifu, kana kwamba naomba ruhusa kwa watu wangu mwenyewe. Pili, na hili ni la kipumbavu zaidi, nilitaka kumshtukiza Fundi. Nilijiona siku ya gulio nikimwita mbele ya watu wote, nikimwambia njoo kwenye mzani, na yeye akifurahi. Nilitembea na habari njema mfukoni siku kumi kama mtoto aliyeficha pipi.

Fununu zilitembea pia, na zenyewe hazikufichwa. Dalali mmoja aliwaambia washonaji kwamba nimehongwa, kwamba wanafukuzwa wote. Siku moja tukiwa tunakula, Fundi aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Gwe, kuna jambo?"

"Shona, Fundi," nikamjibu. Hata sikumtazama.

Siku ya gulio mzani ulikuja asubuhi, ukawekwa chini ya turubai. Fundi alikuwa ameshaanza kazi kama kawaida, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache. Nilimkuta amemaliza kichwa cha gunia la kwanza, kizuri, kimesimama wima. Watu walikuwa wengi, wanunuzi, wakulima na wapakiaji wangu wote. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha nani ni nani. Nikatoa kisu, nikakata wavu kutoka juu hadi chini.

Viazi viliporomoka vikasambaa kwenye matope mpaka miguuni mwa watu. Wabebaji wakacheka. Laiti wasingecheka.

"Gwe, umefanya nini?" Fundi alisimama akiwa na shazia mkononi.

"Lumbesa imekwisha. Nimesema mimi."

Aliichomeka shazia kwenye gunia ili mkono ubaki mtupu, akanisogelea, akanizaba kibao. Kilikuwa kibao cha mzee, hakikuuma. Lakini kilisikika, na kicheko kilichofuata sasa kilikuwa cha kunicheka mimi. Nikampiga ngumi ya uso. Mpini wa kisu ulikuwa bado umo kwenye ngumi ile, na ulimwingia jicho la kushoto. Nilihisi kitu kikilegea chini ya mkono wangu, na mpaka leo nikikunja ngumi nakihisi.

Hakupiga kelele. Alipiga magoti akaanza kupapasa matope, damu ikimchuruzika kati ya vidole, kana kwamba ameangusha kitu. Hapo mshonaji mmoja, mpwa wake, akanichoma shazia ya paja mpaka ikagonga mfupa. Wabebaji wakamvamia mpwa. Washonaji wakawavamia wabebaji. Nilivunja pua ya mtu ambaye mpaka sasa simjui vizuri. Walimwondoa Fundi kwa bodaboda, wamembana katikati asianguke, wakamkimbiza hospitali. Mimi nilibaki nikichechemea na kutukana.

Wiki iliyofuata ilikuwa vita. Watu waliokula sufuria moja miaka yote walikuja kazini na mapanga ndani ya viroba. Mzani ulipondwa kwa mawe. Nilimkamata mmoja wa washonaji nikampiga kichwa kwenye bodi ya fuso mpaka akatapika, na bado niliamini narudisha nidhamu. Siku iliyofuata, wabebaji wakiwa chini wanapokea mzigo, mtu alisukuma gunia kutoka juu ya gari. Lilimwangukia jamaa mmoja mrefu, kijana mcheshi sana. Mguu wake ulivunjika chini ya goti, na sote tulisikia unavyovunjika. Gunia lile lilikuwa la lumbesa.

Yule mama afisa alirudi. Safari hii hakunipa chai.

"Uliwaeleza?"

Nilitikisa kichwa.

"Gulio lijalo mkipigana tena, kikundi kinafutwa. Nitaleta wapakiaji kutoka Tukuyu mjini."

Tulikuwa watu zaidi ya thelathini, karibu wote wenye familia, na hakuna aliyekuwa na kazi nyingine ya kueleweka. Kwa mara ya kwanza nikaogopa kitu ambacho siwezi kukipiga. Na nilijua kuna mtu mmoja tu ambaye pande zote mbili zingemsikiliza.

Nilimkuta amekaa nje ya nyumba yake, bandeji imefunika nusu ya uso. Jicho lilikuwa limekwisha. Polisi walipomuuliza hospitalini alisema ameteleza. Mke wake alikuwa pembeni akimenya ndizi.

"Ugonile, tata," nilimsalimia kwa Kinyakyusa, kama mtoto kwa baba.

Nilipopiga hatua, akainua mkono.

"Sema ukiwa hapohapo."

Nikasema. Kazi ya mzani ilikuwa yake, jina lake liliandikwa ofisi ya kata. Washonaji wangeendelea kushona midomo ya magunia. Magunia yangeongezeka. Hakuna ambaye angefukuzwa.

"Uliyajua lini?"

"Siku kumi kabla ya gulio."

Mke wake aliacha kumenya. "Kwa hiyo hakukuwa na cha kugombania," alisema. Hakuwa akiuliza. Alisema tu, kisha akarudi kwenye ndizi zake.

"Nilikuuliza," Fundi akasema. "Tulikuwa tunakula. Nikakuuliza, gwe, kuna jambo? Ukaniambia nishone."

Nililia pale pale, mbele ya mke wake, mimi mwenye kifua cha kubeba magunia mawili. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Hakuniambia nyamaza, wala hakuniambia amenisamehe.

"Nitakuja," alisema mwishoni. "Si kwa ajili yako. Na ukifika pale utasimama mbele yao useme haya yote kwa mdomo wako."

Siku ya gulio alifika mapema, kabla ya magari. Aliwakalisha wote juu ya magunia matupu, akawachanganya, mbebaji mshonaji, mbebaji mshonaji. Alitaka kwanza mapanga yaletwe mbele, yakaletwa. Kisha akaniangalia kwa jicho lake moja, nikasimama. Nilisema kila kitu, mpaka habari ya kutaka kumshtukiza. Kusema vile kuliniuma kuliko shazia.

Yule jamaa mrefu alikuwepo, ana magongo na plasta mpaka pajani.

"Sasa mimi nimevunjika mguu kwa ajili ya nini?" aliuliza.

Alingoja kweli, akinitazama, na wengine wote wakangoja, mpaka Fundi akamgusa bega akamwambia ulize jingine, hilo hana jibu.

Wakauliza mengine. Nani atapanga zamu? Mdomo wa gunia unalipwaje? Dalali akileta ubishi, nani atamkabili? Kila swali Fundi alinitaka nijibu, na nisipojua niseme sijui. Nilisema sijui mara nyingi kuliko maisha yangu yote. Madereva walipiga honi, tukawaacha wapige. Tulipoinuka hatukuwa marafiki, lakini gunia la kwanza lisilo na kichwa lilishonwa na mpwa wake Fundi, yule aliyenichoma, na nililibeba mimi.

Kikundi kipo mpaka leo, hakikufutwa. Migongo imepona kweli, kama yule mama alivyosema. Jambo jipya likija, nawakalisha watu kabla halijafika, na tangu siku ile sijainua mkono kwa mtu. Wenyekiti wa masoko mengine huja kuniuliza tuliwezaje, nawaambia waulizeni wapakiaji, msiniulize mimi.

Mzani mwingine uliletwa, na Fundi ndiye anayeusoma. Hakuna mkulima wala mnunuzi anayembishia. Ananisalimia, tunaongea kazi, wakati mwingine hata anacheka nikisema jambo. Juzi kulikuwa na baridi kali, nikamchukulia chai kwa mama ntilie, nikasahau nikamjia kwa upande wa kushoto. Aliposikia hatua zangu tu, aliinua kiwiko akajikinga uso. Nilimwambia ni chai, Fundi. Hakukishusha mpaka nilipoweka kikombe chini na kurudi nyuma.